Michezo ya kufundishia sarufi ya Kiingereza chuo kikuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa walimu wa stadi za mawasiliano na Kiingereza katika vyuo vyetu, hasa mnaobeba mwaka wa kwanza. Maswali mengi huulizwa na wahadhiri wasaidizi wanaoongoza semina, machache ni ya wanafunzi wenyewe. Mifano imelenga darasa la Tanzania, ambako wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakaingia Kiingereza kidato cha kwanza, na wanafika kwetu wakiwa wamefundishwa kwa Kiingereza miaka sita huku "the" bado inawasumbua.

Watu wazima wa chuo kikuu wacheze michezo? Hii si kazi ya chekechea?

Pita kwenye vimbweta (meza na viti vya zege vya kusomea nje) saa mbili usiku uone watu wazima haohao wanavyogombana juu ya karata na drafti. Hawachukii mchezo. Wanachokataa ni kufanywa watoto: kuimbishwa, kupigishwa makofi, kupewa pipi kwa kujibu swali. Mchezo unaomfaa mtu wa miaka 22 ni ule unaomtaka abishane, aweke dau, amzuge mpinzani, amhoji mwenzake mpaka ajichanganye. Mpe huo, hatauliza kama ni wa chekechea.

Usitangaze kwamba "leo tutacheza". Sema "leo tuna mnada" (mchezo wa kununua sentensi, nauelezea huko chini), kisha ingia kazini. Wala usiwahofie wenye umri mkubwa, walimu na wauguzi waliorudi kusomea shahada wakiwa na miaka 40 na kitu. Kwa ninavyowaona, hao ndio madalali wakali kuliko wote.

Mchezo wa sarufi ni upi, na upi ni burudani tu?

Kabla ya kuupeleka darasani jiulize: je, mwanafunzi anaweza kushinda bila kutumia muundo ninaoufundisha? Kama anaweza, huo si mchezo wa sarufi, hata darasa lichangamke vipi.

Chukua "Mimi ni nani?", ule wa kubandikwa mgongoni karatasi yenye jina la mtu maarufu, kisha unawauliza wenzako maswali ya ndiyo na hapana mpaka ujitambue. Waache wacheze bila masharti, utasikia: "Man? Alive? Tanzanian? Musician?" Mtu anashinda kwa maneno manne, kitenzi hata kimoja hakuna. Sasa ongeza sharti: swali ambalo kitenzi chake kisaidizi hakiko mahali pake halijibiwi. Hapo inabidi aseme "Am I still alive?", "Did I play for Simba?", "Have I ever won an election?" Mchezo ni uleule na jina mgongoni ni lilelile, ila sasa hakuna ushindi bila sarufi.

Michezo mingi inayozunguka kwenye makundi ya walimu, kama kujaza herufi zilizoruka au kusaka maneno yaliyofichwa kwenye jedwali, ni ya msamiati na tahajia. Haina ubaya, mradi usiandike kwenye mpango wa somo kwamba umefundisha kauli ya kutendwa. Na tofautisha mchezo na pointi za mchezo. Kumpa mtu nyota na nafasi kwenye orodha ya vinara kwa sababu amejibu maswali ya kuchagua ni zoezi lilelile la zamani lililovalishwa jezi.

Utafiti unasemaje? Kweli inasaidia?

Mtu akikuambia "utafiti umethibitisha kwamba michezo inafundisha", muulize: michezo gani, kwa nani, kufundisha nini? Mimi naegemea mambo ya msingi zaidi kuhusu namna mtu anavyojifunza.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa matokeo ya jaribio la kupendeza. Wanafunzi wa chuo walisoma matini, kisha baadhi wakairudia kuisoma na wengine wakajaribu kuikumbuka bila kuiangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na mengi kichwani. Mhadhara wa sarufi huionyesha kanuni mara nyingine tena, lakini mchezo uliopangwa vizuri humlazimisha mwanafunzi aitoe kichwani mwenyewe, na airudie hivyo mara nyingi ndani ya nusu saa.

Richard Schmidt naye alieleza mwaka 1990 kwamba mtu hajifunzi umbo la lugha ambalo hajaligundua. Hili kwetu liko wazi. Mwanafunzi wa sheria anaisoma "the" mara elfu kwa siku na haioni. Mwambie shilingi zake za bandia 30,000 zinategemea kama "the" ile ipo sawa au haipo, uone atakavyoikodolea macho.

Hakuna kati yao aliyesema mchezo unatosha peke yake. Soma swali la kusahihisha huko chini.

Nianze na makosa gani?

Yale yanayotoka kwenye Kiswahili chetu. Vitabu vya mazoezi vinavyouzwa duniani kote huandikwa kwa ajili ya kila mtu, kwa hiyo hutumia kurasa nyingi kwa mambo yasiyotusumbua na nusu ukurasa kwa yanayotuua. Haya ndiyo ninayoyakuta kila muhula kwenye insha.

La kwanza ni kirejeshi. Tunasema "kitabu nilichokinunua", na ile "ki" ya pili ni halali kabisa. Mwanafunzi akiihamisha anaandika "the book which I bought it". Humwambii akaelewa kwa kanuni; mwonyeshe ile "ki" ilivyojificha ndani ya "it", ataicheka mwenyewe.

La pili ni "nge". "Ningekuwa na pesa, ningenunua gari": pande zote mbili "nge". Basi Kiingereza nacho kinapewa "would" pande zote mbili: "If I would have money, I would buy a car."

La tatu ni "me". "Nimefika jana" haimshtui mtu yeyote mtaani, lakini "I have arrived yesterday" ni kosa, kwa sababu Kiingereza hakitaki njeo hiyo (tense) ikae pamoja na neno la wakati uliokwisha pita kama "yesterday". Tena "me" yetu inabeba hali: amelala, nimechoka, amekaa. Ndiyo maana utasikia "he has slept" mtu akimaanisha kwamba jamaa yuko usingizini hivi sasa.

Yapo mengine. "He" na "she" hubadilishana viti kwa sababu "a" yetu haijali jinsia, na hili linawapata hata wanaoongea yai la kunyooka, yaani Kiingereza fasaha. "My brother he came" inatoka kwenye kiambishi cha nafsi ambacho kwetu ni lazima kiwepo. Na jibu la swali la kukanusha: "Hukuja jana?" "Ndiyo, sikuja." Kwa Kiingereza jibu hilo huanza na "No", na nimeshuhudia mahojiano ya kazi yakiingia ukungu kwa sababu hiyo tu.

Nomino zisizohesabika, yaani "advices", "furnitures", "informations" na "equipments", hazihitaji mchezo. Orodha ya maneno 15 ukutani inatosha.

Mnada wa sentensi unaendeshwaje?

Huu ni mchezo wa zamani katika ufundishaji wa lugha, na kama utachukua mmoja tu kwenye ukurasa huu, chukua huu.

Gawa darasa katika makundi ya watu wanne au watano. Kila kundi lina shilingi 100,000 za bandia, ambazo anazitunza mweka hazina wao kwenye daftari. Andika ubaoni sentensi 8 hadi 12, baadhi sahihi na baadhi mbovu. Makundi yapewe dakika 7 kuzijadili kwa kunong'ona, kisha mnada uanze. Dau la kuanzia ni 5,000. Dalali, ambaye awe mwanafunzi mwenye sauti, anainadi sentensi moja moja: "Elfu kumi mara ya kwanza, elfu kumi mara ya pili… kumi na tano huku nyuma!" Ikishauzwa ndipo unasema kama ni sahihi au mbovu. Aliyenunua sahihi anaiweka kibindoni. Aliyenunua mbovu hela imekwenda, ila akiweza kuirekebisha papo hapo anarudishiwa nusu. Mshindi ni kundi lenye sentensi nyingi sahihi, wakilingana anaangaliwa mwenye hela nyingi zilizobaki.

Utamu na elimu vyote viko kwenye uchaguzi wa sentensi. Weka mbovu zinazosikika vizuri masikioni mwetu:

"The lecturer whom I met him yesterday is from Mbeya."
"I have seen him last week."
"We discussed about the budget."

Kisha weka sahihi zinazosikika kama mbovu:

"I look forward to meeting you."
"Neither of them has paid."
"She suggested that he see a doctor."

Hiyo ya mwisho ni dhahabu. Darasa zima linaapa kwamba lazima iwe "sees". Kundi moja lililowahi kuikuta mahali fulani linakaa kimya, linaichukua kwa 5,000, na zogo linaloibuka ukitangaza kwamba ni sahihi ndilo litakalowafanya waikumbuke.

Baada ya raundi chache wajanja hugundua hila: kupandisha kwa makusudi bei ya sentensi wanayojua ni mbovu ili wapinzani wafilisike. Waache. Huwezi kumzuga mwenzako juu ya kosa ambalo wewe mwenyewe huna uhakika nalo.

Mchezo gani unafaa kwa njeo za wakati uliopita?

Upelelezi. Tangaza kwamba jana usiku, kati ya saa moja na saa nne, jiko la gesi la hosteli limeibwa. Watuhumiwa ni wawili, na utetezi wao ni kwamba walikuwa pamoja muda wote. Watoke nje dakika 5 wakapange hadithi yao. Darasa lililobaki ni polisi, na kila kundi linaandaa maswali. Kisha wanaitwa mmoja mmoja, wa pili akiwa bado nje asisikie. Maelezo yao yakigongana mara tatu, wana hatia.

Sharti linaloufanya kuwa mchezo wa sarufi ni hili: mtuhumiwa ana haki ya kukataa swali lililokaa vibaya. Polisi akiuliza "Where you were going?", mtuhumiwa anatulia na kusema "Pardon?" Muda unakwenda. Kundi linahaha, mmoja anamnong'oneza mwenzake, swali linarudi: "Where were you going when the power went off?" Kwetu swali halipangui mpangilio wa sentensi, "ulikuwa unakwenda wapi" linatoka kama lilivyo, ndiyo maana kupindua kitenzi kunasahaulika kila siku. Hapa kusahau kunakula dakika za kundi zima.

Mkimaliza kuhoji, makundi yanatoa hukumu kwa kutaja mgongano: "Asha said that they were eating chips mayai, but Juma said that they had already eaten." Umepata usemi wa taarifa (reported speech) bila kuutangaza.

Angalia saa. Mtu atasema walianza kupika "at one o'clock" akimaanisha saa moja jioni, na polisi walio macho watamkamata kwa hilo. Usiingilie, mwache ajitetee.

Nasikia kuna walimu wanaotumia drafti. Kivipi?

Ubao wa drafti wa miraba 64 una miraba myeusi 32. Andika kitenzi kimoja kisicho cha kawaida katika kila mraba mweusi: rise, lie, lay, hang, bring, seek, na wenzao. Vizibo vya soda 12 kwa kila upande, kanuni za mchezo ni zilezile za kijiweni, ila huruhusiwi kukaa kwenye mraba mpaka utunge sentensi sahihi ukitumia kitenzi kilichoandikwa hapo katika njeo iliyokubaliwa siku hiyo. Ukikosea, kizibo kinarudi kilikotoka na zamu imekwenda. Mtu wa tatu ni mwamuzi, anashika orodha ya vitenzi. Unafaa zaidi kwa watu watatu kwenye kimbweta kuliko kwa darasa zima, na ukimpata bingwa wa drafti ambaye hajui tofauti ya "lie" na "lay" utaona anavyoteseka na njia iko wazi mbele yake.

Nina wanafunzi 300 ukumbini, na viti vimefungwa sakafuni. Haya yote nayafanyaje?

Mengine huyafanyi. Upelelezi peleka kwenye semina. Ukumbini kuna mambo mawili yanayokwenda vizuri.

La kwanza ni mnyororo wa masharti, maana safu za viti zimeshakupangia timu. Wa mwanzo wa safu anasema: "If I missed the bus, I would be late for the test." Anayefuata anachukua tokeo la mwenzake na kuligeuza kuwa sharti lake: "If I were late for the test, I would fail the course." Wa tatu: "If I failed the course, I would lose my loan." Inakwenda hivyo mpaka ukingoni, kwa kawaida kwenye maafa, kufukuzwa chuo na kuoa kabla ya wakati. Uzuri wake ni kwamba kipande kilichokuwa na "would" mdomoni mwa jirani lazima kiivue kinapohamia upande wa "if". Ile "nge" ya pande zote mbili inapigwa palepale inapozaliwa. Safu itakayofika mwisho bila kukatika imeshinda.

La pili ni kura. Onyesha sentensi, hesabu moja mbili tatu, wanaosema sahihi wasimame. Hesabu ni ya lazima kwa sababu bila hiyo nusu ya ukumbi inasubiri kuona wale wa mbele wanafanya nini. Walio upande mmoja kati ya waliosimama na waliokaa wawashawishi wa upande wa pili kwa dakika mbili, kisha kura irudiwe. Badiliko kati ya kura ya kwanza na ya pili litakuambia kama sababu zao zina nguvu, au kama kuna mtu mmoja tu mwenye sauti kubwa.

Ukitaka kujua nani kajibu nini, ipo programu ya Plickers: kila mwanafunzi anashika kadi ya karatasi yenye mchoro, upande anaouweka juu ndio jibu lake, na mwalimu anapitisha kamera ya simu yake. Simu inayohitajika ni ya mwalimu tu. Kwa semina inafaa. Kwa watu 300 usihangaike.

Kahoot je? Wanafunzi wanaipenda.

Wanaipenda kweli. Ni programu ya maswali ya kuchagua yanayojibiwa kwa simu, ilitoka Norway mwaka 2013, na sasa ukisema "michezo ya kujifunzia" wengi wanafikiria hiyo tu. Inafaa kwa kupima nani anatambua nini mwanzoni mwa kipindi. Lakini inampa pointi nyingi anayejibu haraka, na sarufi haitaki haraka. Mwanafunzi anayesoma sentensi mara mbili ili aione "it" iliyozidi anashindwa na aliyebahatisha. Ukiitumia, ongeza muda wa kila swali. Kisha kuna mambo ya kwetu: umeme, projekta, mtandao wa ukumbini simu 200 zikiingia kwa pamoja, na bando. Wiki ambayo bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) halijatoka, usipange somo linalokula bando la mtu.

Njia nafuu ni kura za WhatsApp, ambazo zipo tangu 2022. Muombe CR (mwakilishi wa darasa) aweke sentensi moja kila asubuhi kwenye kundi la darasa, sahihi au mbovu, jibu litolewe jioni pamoja na sababu. Mabishano yatakayokuja katikati ndiyo somo lenyewe.

Wakicheza wanaongea Kiswahili. Niwakataze?

Wakibishana kwa Kiswahili kama "suggest" inafuatwa na "see" au "sees", wanafanya uchambuzi wa sarufi, tena kwa undani ambao kwa Kiingereza wasingeufikia. Waache. Kinachopaswa kuwa Kiingereza ni kile kinacholeta pointi: swali, sentensi, jibu. Faini za kuongea Kiswahili tulizikuta sekondari, na matunda yake tunayaona kwenye ukimya wa mwaka wa kwanza.

Kuna wanafunzi hawafungui mdomo kabisa kwa kuogopa kuchapia. Mchezo si utawaumiza zaidi?

Unaweza, ukiupanga vibaya. Mchezo wa mtu mmoja mmoja mbele ya darasa ni adhabu kwa mwenye aibu. Kwa hiyo anza na makundi ambako kosa ni la kundi na hela zilizopotea ni za kundi. Mpe mkimya kazi yenye mamlaka isiyodai maneno mengi mwanzoni: mweka hazina wa mnada, mwamuzi wa drafti. Mweka hazina akishaona wenzake wanataka kutupa 40,000 kwenye sentensi mbovu, ataongea tu.

Stephen Krashen aliandika mwaka 1982 kwamba hofu na wasiwasi humzuia mtu asiipokee lugha hata akiisikia. Kwetu hofu hiyo inaitwa kuchekwa. Mtu akichapia hadharani anaweza kupewa jina na likamfuata mpaka mahafali. Ndiyo maana sentensi za mnada zisiwe na mwenyewe. Kosa likiwa ubaoni kama bidhaa, watu wanalicheka kosa na hakuna anayeumia.

Chunga pia nani anashika maka peni. Ukiacha mambo yajiendee, wavulana wawili watatu wenye kelele watakuwa madalali muhula mzima na wasichana watakuwa makatibu. Zungusha nafasi kwa orodha, usiombe wa kujitolea.

Nisahihishe lini?

Mchezo ukiendelea, wao wasahihishane, na iwe kwa muundo wa siku hiyo tu. Wewe zunguka na karatasi uandike unayoyasikia. Mchezo ukiisha, hata kama wanaomba raundi nyingine, ukate. Katika kipindi cha saa moja mimi hutenga dakika 30 za mchezo na 15 za marejeo, na ikibidi nipunguze kitu, napunguza mchezo.

Marejeo yanakwenda hivi. Andika ubaoni sentensi tano ulizozisikia, bila majina. Makundi yazirekebishe. Muombe mtu aiseme kanuni kwa mstari mmoja, kwa lugha yoyote. Kisha kila mmoja, kimya kimya, aandike sentensi mbili zake mwenyewe kuhusu fani anayosoma: wa uhandisi aandike juu ya zege, wa uuguzi juu ya mgonjwa. Hapo ndipo unaposhuka kutoka kwenye kelele na kuona nani kashika na nani kasindikiza.

Kuna hatari mahususi ya mnada. Sentensi mbovu iliyouzwa kwa 80,000 inakumbukika kuliko sahihi iliyouzwa kwa 5,000. Kwa hiyo kila mbovu ikishafichuliwa, ikate kwa mstari, andika iliyo sahihi juu yake kwa rangi nyingine, na usiifute mpaka mwisho wa kipindi. Watakaopiga picha ubao kwa simu, na watapiga, wapige ulio sahihi.

Niwape alama?

Hapana. Vyuo vingi vina alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho, na ukigusa hizo 40 mchezo umekufa. Hakuna atakayethubutu kuweka dau kwenye sentensi asiyo na uhakika nayo, ilhali kuthubutu ndiyo faida yenyewe. Ukitaka kupima, toa jaribio fupi wiki inayofuata juu ya muundo uleule.

Nina wanafunzi kutoka Burundi na Kongo. Michezo ileile inafaa?

Inafaa, sentensi ndizo zibadilike. Waliosoma kwa Kifaransa hawakosi "the", wao wanaizidisha: "The life is hard." Tena utasikia "I am agree". Changanya makundi. Mtanzania anayesahau "the" akikaa na Mrundi anayeimwaga kila mahali, mabishano yao yanafika mahali pazuri.

Mkuu wa idara anasema napoteza muda wa mtaala.

Mwalike siku ya mnada, na umpe kazi ya kuamua sentensi ya "she suggested". Kwenye mpango wa somo andika lengo la kisarufi kwanza, mchezo uuandike kama mbinu. Kelele zikiwa tatizo, hamia nje.

Mimi ni mwanafunzi, mwalimu wetu ni mtu wa kusoma slaidi tu. Nifanyeje?

Mna kimbweta, mna vizibo, mna kundi la WhatsApp. Drafti na mnada havihitaji mhadhiri, vinahitaji mtu wa kuamua, na kamusi nzuri ya wanafunzi wa Kiingereza yenye mifano ya sentensi inaamua vizuri kuliko rafiki yako mwenye lafudhi. Programu kama Duolingo zinakuzoesha kushika lugha kila siku, na hilo ni jema, ila hazitakufikisha kwenye sentensi ya maneno 30 ya ripoti ya mafunzo kwa vitendo.

Maandalizi yanagharimu kiasi gani?

Mnada unataka ubao tu. Kadi za "Mimi ni nani?" ni karatasi chache za A4 na gundi ya karatasi kutoka steshenari. Gharama halisi ni muda wa kuchagua sentensi, saa nzima kwa mara ya kwanza, kisha unaboresha zilezile kila mwaka.

Sentensi zenyewe nazipata wapi?

Usizitunge. Ziko kwenye rundo la insha lililo mezani kwako. Unaposahihisha, weka karatasi pembeni, na kila ukikutana na kosa la tatu la aina ileile linakili, ukibadilisha majina na mada ili mwandishi asijitambue. Nakili pia sentensi nzuri, hasa zile fupi zilizonyooka, kwa sababu mnada unahitaji bidhaa sahihi na ni raha kwa mwanafunzi kuona sentensi yake ikigombewa kwa 60,000 bila mtu mwingine kujua kwamba ni yake. Hizo usizibadilishe hata neno.